Kidaka na Ukuta Mtupu: Hoteli ya Mjini Isomwavyo Kutoka Ipogolo

Nyumba ya kulaza wageni husomwa kama usomwavyo utungo. Mlango wake ni mshororo wa kwanza, na chumba chake ni ubeti. Aingiaye humo, hata kama hakupitia skuli ya ujenzi, huambiwa na kuta, na taa, na kitanda, jinsi alivyofikiriwa na yule aliyeijenga. Huambiwa iwapo alingojewa au alihesabiwa tu. Kwa sababu hiyo si ajabu kwa wapenzi wa ushairi kuihakiki hoteli, wala si kuvuka mpaka wa fani yao. Waliozoea kupima mizani na vina wana jicho linaloweza kuona ni kitu gani kimewekwa mahali pake kwa haja, na ni kipi kimeondolewa bila ya haja.

Aina moja ya hoteli imeenea katika miji ya Tanzania kwa miaka ya karibuni. Ni hoteli ya katikati ya mji iliyojengwa kwa mtindo wa uchache: kuta nyeupe au za kijivu, mistari iliyonyooka, vioo virefu, samani chache zisizo na nakshi, makabati na swichi zilizofichwa hata mgeni huzitafuta kwa kupapasa. Dar es Salaam zipo, Dodoma zipo, Mbeya na Iringa zipo. Hapana haja ya kuzitaja majina, kwa kuwa moja wapo ya sifa zao ni kufanana. Swali la uhakiki huu ni moja: je, utupu wa chumba cha namna hii ni ufupi wa maneno kama ule wa shairi zuri, au ni ukimya wa mtu asiyekuwa na la kusema? Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwani nyuma yake limesimama jambo ambalo watu wa pwani wamelihesabu tangu kale kuwa ni kipimo cha utu, nalo ni kumpokea mgeni.

Pahala panapofaa kuliulizia swali hilo ni Ipogolo, mkoani Iringa. Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia haiupandi mji huo. Inapita chini, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Hapo chini ndipo Ipogolo. Atokaye Unguja huvuka bahari, hulala Dar es Salaam au huunganisha safari, kisha huenda kiasi cha kilomita 500 kwa basi kabla ya kuteremka mguuni mwa kilima hicho. Akishateremka ana mambo mawili ya kuchagua. Aweza kubaki chini, alale katika gesti iliyo kando ya barabara. Au aweza kupanda mlima kwa daladala au bajaji, akalale katika hoteli ya mjini. Baina ya nyumba hizo mbili hapana zaidi ya mwendo wa dakika chache, lakini ni tungo mbili zilizotungwa na watu wasiosoma kitabu kimoja.

Gesti za Ipogolo ni watoto wa barabara. Ilipofika tarehe 11 Novemba 1965, na walowezi wa Rhodesia ya Kusini kujitangazia uhuru wao, Zambia ilijikuta imebanwa njia ya baharini, na mafuta na shaba yake vikageuzwa kupita Tanzania. Malori yakaanza kuikanyaga barabara ambayo wakati huo ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya matope masika, hata ilipotiwa lami miaka ya mwisho ya 1960 na ya mwanzo ya 1970. Dereva alihitaji mahali pa kuoga, kula wali na maharage, na kunyoosha mgongo saa chache. Baadaye likaja katazo. Kwa takriban miaka 30, tangu miaka ya 1990, mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, hata serikali ilipoiondoa amri hiyo mwaka 2023. Basi lililochelewa njiani lililala lilipofikia, na abiria wake wakalala pamoja nalo. Hivyo kulala kando ya njia kuu kulikuwa sehemu ya safari, kama vile pumziko la kati lilivyo sehemu ya mshororo.

Lugha yenyewe imeyahifadhi mambo haya. Katika mitaa ya miji mingi ya bara, neno "hoteli" kwa kawaida ni mahali pa kula. Mtu akisema anakwenda hotelini, pengine anafuata chai na chapati. Pa kulala huitwa gesti. Watu wa pwani nao wana neno lao la zamani, "fikio", yaani mahali au mtu ambaye msafiri humfikia. Katika fikio hapana shaka kwamba yupo mwenyeji. Neno hilo haliwezi kusimama bila yeye. Katika hoteli tupu ya mjini, kinyume chake, mwenyeji ndiye kitu cha kwanza kilichopunguzwa.

Kabla ya kuihukumu hoteli hiyo, haki yadai kwamba itazamwe ilikotoka. Mtindo wa uchache haukuzaliwa na uvivu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Vienna, msanifu majengo Adolf Loos aliyashambulia mapambo kwa ukali, akiona kuwa ni nguvu kazi iliyopotezwa bure. Mwaka 1929 Ludwig Mies van der Rohe alijenga banda la Ujerumani katika maonyesho ya Barcelona, jengo ambalo kuta zake hazikuwa na picha wala nakshi. Lakini kuta hizo zilikuwa za mawe ya thamani, na mishipa ya mawe hayo ndiyo iliyokuwa nakshi yake. Mwaka 1984 hoteli ya Morgans ilifunguliwa mjini New York, na aliyezisanifu nafasi zake za ndani, Andrée Putman wa Ufaransa, alijulikana kwa vigae vyake vya rangi nyeupe na nyeusi. Inasimuliwa kwamba fedha zilikuwa chache, akachagua vigae vya bei ya chini na kuvipanga kwa akili. Toka hapo hoteli ndogo za mtindo huo zikaenea duniani.

Hata Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa mistari iliyonyooka. Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, ikiitazama bandari, nayo ilikuwa tangazo la nchi changa kwamba na yenyewe yaweza kumlaza mgeni wa dunia katika jengo la wakati wake. Zanzibar nayo ilijijengea Bwawani, hoteli ya zege ya miaka ya 1970, ambayo jina lake halikufichi udongo iliyosimama juu yake. Majengo hayo mawili yanaweza kupendwa au kuchukiwa, lakini kila moja lilikuwa na jambo la kusema. Yalisema: nchi hii imepata wenyewe, na wenyewe wako tayari kupokea.

Kwa hiyo kosa la hoteli mpya ya mjini haliwezi kuwa uchache peke yake. Mshairi wa Kiswahili ndiye wa mwisho kuulaumu uchache. Mtunzi wa tarbia ana mizani 16 tu katika mshororo, 8 kila upande, na vina viwili vya kuvichunga. Mtunzi wa utenzi ana mizani 8, basi. Ubahili huo wa silabi haukuwekwa ili shairi lionekane safi. Umewekwa ili neno lililopata nafasi lifanye kazi ya maneno matatu, na ili msikilizaji aweze kulibeba kifuani bila ya karatasi. Neno linaloondolewa huacha uzito wake kwa neno linalobaki. Hiyo ndiyo sheria ya ufupi: kilichotoka lazima kisikike katika kilichobaki.

Iingizwe sheria hiyo katika chumba cha hoteli tupu. Hapana msumari wala kulabu ukutani. Kanzu itatundikwa wapi? Hapana rafu. Msahafu, au kitabu cha mashairi, au miwani, itawekwa wapi isipokuwa chini au kitandani? Hapana alama ya kibla, na dirisha halifunguki ili jua limwambie mgeni upande wa machweo. Bafuni hapana kopo wala bomba la kujitahirishia, ilhali ukuta wa bafu hilo, kwa mapenzi ya usasa, ni wa kioo. Taa haziwaki mpaka kadi ya mlango iingizwe katika mwanya wake. Vitu hivi havikuondolewa ili vyengine vipate nguvu. Vimeondolewa, na kazi yake imetupwa kwa mgeni. Yeye ndiye atakayetundika kanzu juu ya mlango, atakayeuliza kibla kwa simu, na atakayemwomba mwenzake wa safari atoke nje wakati yeye anaoga. Uchache wa namna hii ni sawa na mtunzi anayefuta maneno ya ubeti, kisha akamtaka msomaji ayatafute mwenyewe.

Ukuta wa kioo unastahili kusemwa zaidi, maana hapo mtindo umegongana na nguzo ya nyumba ya Kiswahili, nayo ni stara. Nyumba ya mawe ya Lamu, ya Pate au ya Mji Mkongwe haikujengwa kwa kufunga tu, bali kwa kuingiza mtu hatua kwa hatua. Nje ipo baraza, ambapo mpita njia hukaa bila ya kuitwa. Kisha mlango, kisha kiingilio, ambacho kimepindishwa ili jicho la aliye mlangoni lisifike ndani. Kisha uwanja, kisha vyumba, mpaka ndani kabisa ambapo hafiki ila mwenyewe. Katika nyumba za Lamu kilikuwapo chumba kilichoitwa sabule, kilichotengwa kwa wageni na wafanyabiashara waliokuja na misimu ya pepo, kikiwa na njia yake ili mgeni apate heshima yake na wenyeji wapate stara yao. Neno hilo limebaki katika Kiswahili cha leo kama sebule. Chumba cha mgeni kilikuwa kimefikiriwa tangu msingi ulipochimbwa.

Na ndani ya nyumba hizo zilikuwapo zidaka, vijumba vidogo vilivyochongwa katika ukuta wa chokaa, safu juu ya safu. Humo viliwekwa vyombo vya China, taa na vitabu. Kwa mbali ukuta wenye zidaka ni mweupe na mtulivu kama ukuta wowote wa mtindo wa uchache. Hapana rangi nyingi, hapana vurugu. Tofauti ni kwamba weupe ule una vifuko. Umeachiwa nafasi ya kitu cha mtu. Ukuta wa zidaka ni utupu unaongoja kujazwa, na ukuta wa hoteli mpya ni utupu unaokataa kuguswa.

Wasomaji wa ushairi hawakuanza leo kuufikiria utupu wa nyumba. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, inayatazama magofu ya Pate, na miongoni mwa picha zake kali ni hiyo ya zidaka: mahali palipokuwa pa vyombo vya thamani pamegeuka kiota cha ndege. Mshairi yule hakuhitaji kueleza kwamba wenye nyumba wamekufa. Kidaka kisicho na chombo kilimtosha. Kwake, chumba kitupu ni mauti yanayosema na walio hai, na kila kitu kilichotoweka kinasikika katika kile kilichobaki. Hapo ndipo sheria ya ufupi ilipofika kilele chake. Leo chumba kitupu kinauzwa kama anasa, na bei yake hupanda kadiri vitu vinavyopungua. Haina budi kuulizwa: nani aliyetoweka humo ili kikawa kitupu hivyo? Jibu ni kwamba hakuna, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwamo. Gofu la Pate lina wenyewe, ingawa wamekufa. Chumba kile hakijapata mwenyewe.

Yapo mapambo mawili matatu yanayoruhusiwa katika hoteli za aina hii, nayo yanafunua mengi. Aghalabu hutundikwa ukutani kikapu cha Iringa, kile kinachosukwa kwa milulu na kusifiwa kila kona ya nchi kwa ufundi wake. Kikapu hicho kimeumbwa kubeba: nafaka, mboga, mzigo wa sokoni. Msukaji amekikaza ili kisivujishe ulezi. Kikitundikwa ukutani, kikiwa kitupu na kumulikwa taa, kinakuwa kama methali iliyokatwa katika mazungumzo na kuandikwa juu ya fulana. Maneno ni yale yale, lakini hakuna aliyeambiwa kitu. Laiti kikapu hicho kingewekwa mlangoni, mgeni akatia humo viatu vyake vyenye vumbi la barabara, kingekuwa pambo zaidi kuliko kilivyo pale juu.

Sasa ateremkiwe Ipogolo. Chumba cha gesti ya kando ya njia nacho ni kichache kupindukia. Kipo kitanda, chandarua, blanketi zito kwa kuwa baridi ya Iringa ya Juni na Julai haina mzaha, kiti kimoja, ndoo, kopo, na kandambili mbili ambazo zimevaliwa na mamia ya watu. Msumari upo ukutani, pengine miwili. Asubuhi, kabla ya alfajiri, mhudumu hugonga mlango na kuleta ndoo ya maji ya moto, na akiwa mtu wa hapo husalimia kwa "Kamwene". Hakuna kitu hapo kilichowekwa kwa ajili ya kutazamwa, na hakuna kilichoondolewa kwa ajili ya kutazamwa. Kila kilichomo kimebakia kwa sababu mtu fulani, usiku fulani, alikihitaji. Kwa mizani ya ushairi, gesti hii ndiyo iliyoshika ufupi wa kweli: imepunguza kila kitu mpaka ikafika kwenye haja, na ilipofika kwenye haja ikasimama.

Mlangoni mwake lipo daftari la wageni, kitabu kikubwa chenye mistari iliyopigwa kwa rula. Safu zake ni jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Mtu akilifungua daftari la namna hiyo na kulisoma kutoka juu kwenda chini, atakuta ushairi uliojiandika wenyewe: dereva atokaye Tunduma aendaye Dar es Salaam, mwalimu atokaye Songea, mfanyabiashara wa vitunguu, mama aliyekuja kumwangulia mwanawe hospitalini. Hata hivyo daftari hilo lisisifiwe kupita kiasi. Ni jicho la dola pia. Liliwekwa ili polisi wakija walisome, na safu ile ya kabila humfanya mgeni ajieleze kwa jambo ambalo usingizi hauliulizi. Lakini ndani ya swali la utokako na uendako limo tendo la kale la kibinadamu: kumtambua aliyefika kuwa ametoka mahali na anakwenda mahali. Kadi ya mlango wa hoteli tupu haina swali hilo. Inajua namba ya chumba na saa ya kuondoka.

Hapa lakini mizani isielemee upande mmoja. Wapo wanaoichagua hoteli ya juu ya mlima kwa sababu zisizodharaulika. Mwanamke anayesafiri peke yake, akifika Ipogolo saa tano ya usiku, huweza kukutana na macho yanayomhesabu, maswali yasiyo ya daftari, komeo lililolegea, na baa ya jirani isiyonyamaza mpaka usiku wa manane. Kwake, mhudumu asiyeuliza chochote ni nafuu, na mlango mzito unaojifunga wenyewe ni rehema. Utupu wa chumba kile humwambia kwamba hapa hakuna atakayejishughulisha naye, na kuna usiku ambao hilo ndilo jambo jema kuliko yote. Mhakiki anayeipuuza hoja hii atakuwa amesifu ukarimu ambao haulipishwi sawa kwa wote. Adabu ya kumpokea mgeni, katika majumba mengi ya zamani, ilikuwa adabu ya wanaume kwa wanaume, na stara ya sabule ilijengwa juu ya kazi ya wanawake waliokuwa jikoni wasioonekana. Na wapo wahudumu wa hoteli mpya wanaojitahidi kumpa mgeni neno la moyoni, ijapokuwa jengo linawapinga.

Lakini hoja hiyo, ikishindiliwa mpaka mwisho, haiutetei ukuta mtupu. Inatetea usalama na faragha, ambavyo ni majina mengine ya stara. Mwanamke yule anahitaji mlango imara. Hahitaji bafu la kioo. Anahitaji kutoulizwa maswali ya utovu wa adabu, hahitaji kutosalimiwa. Anahitaji mahali pa kuweka kanga yake na pa kutandika mswala wake. Mtindo wa uchache umechukua sifa ya jambo jema ambalo si lake, kama mtunzi anayesifiwa kwa sauti ya mwimbaji.

Ulinganisho wa karibu zaidi unapatikana katika mgogoro ulioutikisa ushairi wa Kiswahili wenyewe. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi aliandika sheria za kutunga mashairi, na kwa wengi vina na mizani vikawa ndio uti wa mgongo. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani iliyoviacha vina na mizani hiyo, na malumbano baina ya wanajadi na wanausasa yakawaka kwa miaka mingi. Leo, miaka imepita, na msomaji mwadilifu aweza kukubali jambo moja bila ya kuhama kambi yake: mashairi yale yaliyoishi katika mtindo huru hayakuishi kwa sababu yaliacha vina. Yaliishi kwa sababu mzigo wa vina ulihamishiwa kwenye picha na kwenye fikra, na msomaji akauhisi uzito. Na mashairi yaliyokufa katika mtindo huo yalikufa kwa sababu mtunzi aliacha vina na asiweke kitu. Hoteli tupu nyingi za miji yetu ni za kundi hili la pili. Zimeacha nakshi, zimeacha baraza, zimeacha kidaka, na badala yake zimeweka vigae.

Yapo pia maneno ya kusemwa juu ya mji wenyewe. Jina la Iringa hunasibishwa na "lilinga", neno la Kihehe lenye maana ya ngome. Ngome ya Mkwawa pale Kalenga ilibomolewa na mizinga ya Wajerumani mwezi wa Oktoba 1894, na fuvu linaloaminiwa kuwa la mtawala huyo likapelekwa Ujerumani, lisirudi mpaka mwaka 1954. Mji ulioitwa ngome una haki ya kujua ukuta ni kitu gani. Ngome hujengwa dhidi ya adui. Nyumba ya wageni hujengwa kwa ajili ya asiyejulikana bado. Jengo la vioo linaloinuka katikati ya mji, lenye mlango mmoja unaolindwa na bila ya kibaraza cha mpita njia, lina tabia ya ngome kuliko ya nyumba, ingawa limejengwa kwa kitu kinachoonekana ndani. Mkazi wa mtaa hupita mbele yake, akaiona sura yake mwenyewe katika kioo, akaendelea na safari. Baraza lilikuwa likimwambia mtu huyo huyo: kaa.

Haya si mambo ya kupita. Iringa imetajwa kwa miaka mingi kuwa mlango wa utalii wa kusini, wa Hifadhi ya Ruaha na ya Udzungwa, na ya kale ya Isimila yaliyo njiani kuelekea Mbeya. Stendi kuu ya mabasi imehamishiwa Igumbilo, huko huko chini ya mlima, na tangu mabasi yaruhusiwe kukata usiku, abiria wengi hupitiliza wakiwa usingizini. Gesti ya kando ya njia imepoteza sababu yake moja kubwa ya kuwepo. Baadhi zitafungwa; nyengine zitabomolewa na kujengwa upya, na mwenye nyumba atakapotafuta mfano wa kuiga atainua macho kilimani. Mfano atakaouona huko ndio atakaoushusha. Baada ya miaka kumi Ipogolo yaweza kuwa na vioo na vigae vya kijivu, na ndoo ya maji ya moto ikawa hadithi.

Hilo likitokea, hasara haitakuwa ya ndoo. Maji ya bomba ni bora kuliko ndoo, na hapana mshairi mwenye akili atakayemwombea mgeni aendelee kuoga kwa kopo ili utamaduni upendeze. Hasara itakuwa ya kusahau kwamba uchache ulikuwapo tayari, wenye maana, uliotokana na haja za watu wa hapo. Na kwamba ungeweza kuendelezwa. Fundi wa Iringa anayeujua ubaridi wa Julai, na fundi wa Unguja anayekijua kidaka, wakikaa pamoja, wanaweza kujenga chumba cheupe, kitulivu, chenye mistari iliyonyooka kama apendavyo mgeni wa leo, na bado kikawa na kijumba ukutani cha kuwekea msahafu au kitabu, kulabu ya kanzu au koti, bafu lenye ukuta wa kweli, dirisha linalofunguka, blanketi lisilohitaji kuombwa, na kibaraza nje ambacho aliyechoka anaweza kukikalia kabla hajaulizwa analipa nini. Hakuna katika orodha hiyo kinachozidi bei ya kioo kimoja kirefu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo imewekwa kinyume cha matarajio, kwani mtu angedhani mgeni ndiye mwenye kuponywa, naye ametoka safarini. Kumbe dawa iko kwa mwenyeji: anapona upweke wake, na ubahili wake, na kujiona kwamba dunia inaishia mlangoni mwake. Hoteli isiyokuwa na mwenyeji haina wa kuponywa. Yaweza kuwa safi, yaweza kuwa na kitanda kizuri kuliko vyote vya Nyanda za Juu Kusini, na mgeni akalala usingizi mnono. Lakini akiondoka asubuhi, akiiacha kadi juu ya meza ya mapokezi, hakuna kilichotokea baina ya watu wawili. Na utungo ambao hakuna kinachotokea ndani yake, hata uwe na mistari iliyonyooka vipi, mhakiki hana la kuufanyia ila kuufunga.